Kisima Kinachosema Ijumaa Tu

Mimi simwamini mtu anayecheka kabla hajaniambia jina lake, na Eusébio alicheka kwanza. Alisimama mlangoni pa kibanda changu hapo sokoni Palma, kofia ya plastiki kichwani, akatazama redio zilizofumuliwa matumbo mezani, akacheka, ndipo akasema anatafuta fundi.

Ilikuwa mwaka 2013. Gesi ilikuwa imeshaonekana baharini, na mji umejaa wageni. Kila aliyeshuka garini alikuwa na kofia, na kila mwenye kofia alikuwa anapima kitu. Walipima barabara, wakapima minazi, wakapima umbali kutoka choo cha mtu hadi mlango wake. Eusébio, yeye, alikuwa anapima maji. Kampuni yake, jina silitaji, ilipewa kazi ya kuweka vipimo katika visima saba vya vijiji vya upande wa Mute kabla kambi ya wafanyakazi haijaanza kuvuta maji yake ardhini.

"Mestre Rama," akaniambia, yaani fundi Rama, "kisanduku kimoja cha kupimia kila kisima. Wewe unavitunza. Betri, waya, mchwa, mbuzi. Mimi nakaa Mute na mlingoti wa kupokea redio."

Nilikubali, lakini si kwa sababu yake. Kisima cha sita katika orodha kilikuwa cha uani kwa dada yangu Zainabo, na kaya kumi na nne zinateka pale. Ndicho kilichokuwa karibu zaidi na ilipopangwa kambi.

Masharti yalisomwa mbele ya watu wote, na mimi niliyashika neno kwa neno, maana masharti ndiyo mahali watu hawa wanapoficha meno. Vipimo vitachukuliwa siku tisini. Kisima chenye rekodi za siku sitini au zaidi kati ya hizo kinaandikwa kuwa maji yake yalikuwa matamu. Kambi ikianza kuvuta, na maji ya kisima hicho yakigeuka chumvi, kampuni inaleta bomba. Kisima kisichofikisha siku sitini hakimo kwenye orodha. Kikigeuka chumvi, kimegeuka, basi.

Mwajuma, mwenyekiti wa kamati ya maji, mwanamke mwenye sauti ya kuita watu kutoka ng'ambo ya mto, alinigeukia hapohapo mkutanoni. "Rama, wewe ni mwana wa hapa. Hivyo visanduku viko mikononi mwako."

"Viko mikononi mwangu, mama," nikasema, na nikaona fahari.

Vyenyewe vilikuwa vitu vidogo, ukubwa wa tofali, rangi ya kijivu. Kimoja kinakaa juu ya ukingo wa saruji, waya unashuka majini, na ncha ya waya inapima kina na chumvi. Kila robo saa kisanduku kinaamka, kinapima, kinampa jirani yake habari kwa redio, kisha kinalala ili betri isiishe. Jirani anampa jirani, mpaka mlingoti wa Mute. Kisanduku kikinyimwa njia huku, kinatafuta jirani mwingine kule. Nakiri kwamba nilivipenda. Nimetengeneza redio miaka ishirini na sikuwahi kuona redio zenye adabu namna ile, kila moja inasubiri mwenzake amalize kusema. Kila Jumatatu Eusébio alichapa karatasi ya namba na kuibandika ukutani kwenye ofisi ya kamati, aonaye na aone. Pembeni alibandika picha za visima vyote saba, alizopiga kwa simu yake siku tulipoweka visanduku. Katika picha ya kisima cha sita Zainabo alionekana nyuma, ameinama na ndoo.

Siku ya kumi na mbili ya vipimo shemeji yangu Latifo alifariki. Homa ya siku tatu tu. Tulimzika, wageni wakaondoka, na dada yangu akaingia eda, miezi minne na siku kumi, haonekani na mwanamume asiyekuwa ndugu yake, hatoki, hajipambi. Wanawake wa zile kaya kumi na nne waliendelea kuteka maji uani kwake. Mwanamume aliyebaki na ruhusa ya kuvuka mlango ule nilikuwa mimi peke yangu, na mimi nilienda kila Ijumaa. Nilifika saa nne, nikakagua kisanduku, nikaswali msikitini, nikarudi kula kwake, nikaondoka saa nane.

Jumatatu baada ya Ijumaa yangu ya kwanza nilisoma karatasi ukutani. Kisima cha sita, vistari vitupu. Jumanne kistari, Jumatano kistari, na kuendelea. Ijumaa tu ndiyo ilikuwa na namba.

Ijumaa nilifika kwa dada yangu nimebeba betri mpya, nyaya, na kila bisibisi niliyonayo. Kisanduku kilikuwa kizima. Taa yake ya kijani ilikonyeza kila kilipoamka, redio inasema vizuri. Niliona duara la masizi kwenye saruji, nikadhani wanawake wanaweka vyungu vyao pale wanapoteka.

"Dada, kuna mtu anakigusa hiki?"

"Wanateka na kwenda zao," akasema Zainabo. Alikuwa anapakua pilau. Tangu afiwe alikuwa anaongea kwa kifupi, na mimi sikumsumbua.

Nilibadilisha betri ambazo hazikuwa na tatizo lolote. Jumatatu, vistari. Ijumaa, namba.

Hapo nikaanza kupiga hesabu zangu. Kisanduku ni kizima, nimekiona kwa macho yangu. Kwa hiyo anayekinyamazisha yuko upande wa pili, kwenye mlingoti. Na nani yuko kwenye mlingoti? Na kisima gani kinanyamazishwa? Kile kilicho karibu na kambi, kile ambacho bila shaka kitageuka chumvi kwanza. Na siku gani wanakiachia kiseme? Siku ambayo fundi yupo, ili fundi aseme kizima. Niliona jambo lote limepangwa vizuri mno, na nikajua mkono wa nani.

Kisha, wiki ya tano, zikaja kadi.

Eusébio aliniletea saba, ndogo kuliko ukucha wa kidole gumba. "Mestre, redio inaweza kukatika, tá ver, unaona? Mvua, mti, mbuzi. Kisanduku kama kilivyo kina kumbukumbu ya saa chache tu, kisiposikika kinafuta na kuandika juu yake. Ukikitia cartão kinatunza mwaka mzima. Siku kikisikika, kinamwaga vyote. Namba haipotei."

Mtu mwingine angeshukuru. Mimi nilitazama zile kadi kiganjani na nikajiuliza mbona zimekuja sasa. Namba inayopita hewani inafika Mute, inachapwa, inabandikwa, Mwajuma anaisoma na miwani yake. Namba iliyo kwenye kadi inakaa kwenye kadi. Mtu anaichomoa, anaitia mfukoni, anaondoka nayo, na anachorudisha hakuna anayekijua. Nikasema moyoni, hiki ndicho walichokuwa wanakitafuta. Wamenyamazisha redio ya kisima cha sita, sasa wanataka nifungue mlango wa nyuma kwa mikono yangu mwenyewe.

Nilisaini kupokea kadi saba. Sita nikazitia kwenye visanduku vingine. Ya saba niliifunga katika kipande cha karatasi na kuiweka kibandani, chini ya kopo la risasi ya kulehemu. Kwa dada yangu, niliapa, hakuna namba itakayoingia mfukoni mwa mtu. Mtaniuliza kwa nini nilizitia zile sita, kama kweli niliamini ni mtego. Nami nimejiuliza hivyo mara nyingi. Visima vile havikuwa vya kwetu, na namba zake zilikuwa zinafika. Sina jibu zuri kuliko hilo.

Wiki zilikwenda. Nilimtazama Eusébio kama paka anavyotazama tundu. Akipokea simu nilisogea karibu. Akifunga kompyuta nilipoingia niliandika saa. Naye, nikagundua, alianza kunitazama mimi. Aliacha kucheka. Aliniuliza mara mbili kama kadi zote saba ziko mahali pake, na mara zote mbili nilimwambia ndiyo, nikimtazama usoni, kwa sababu mtu anayekuibia hastahili kuambiwa kweli.

Siku ya themanini, Jumatano, aliniita Mute. Nilimkuta ndani ya kontena lake, kiyoyozi kinaunguruma, kompyuta wazi. Hakuniambia nikae.

"Tazama hapa," akasema.

Kioo kilikuwa na mistari saba ya vidoti. Sita ilikuwa imejaa kama shanga. Mstari wa kisima cha sita ulikuwa na kishada mwanzoni, kisha utupu, kisha kishada kidogo, utupu, kishada.

"Kila Ijumaa," akasema Eusébio. "Kuanzia saa tatu asubuhi mpaka saa nane na nusu mchana. Siku nyingine hakuna. Na kadi ingekuwepo, kila Ijumaa ingemwaga wiki nzima. Haimwagi. Mestre Rama, nani yuko pale kila Ijumaa?"

Nilielewa taratibu, kisha damu ikanipanda kichwani. Mwizi ananiuliza mimi!

"Unasema mimi ndiye nazima?"

"Nasema kisanduku kinasema ukiwepo na kinanyamaza ukiondoka. Mimi siruhusiwi kuingia ule ua. Sijawahi kuukanyaga tangu msiba. Wewe tu ndiye unaingia. Nani anakulipa, pá? Wenye kambi?"

Nilimwambia maneno ambayo sitayaandika. Nilipanda pikipiki na kuelekea kwa dada yangu moja kwa moja, jua la saa sita utosini. Nilitaka kusimama mbele ya kisanduku siku isiyo yangu, nione kwa macho yangu kinasema, kisha nirudi Mute na kumshika shati. Njiani nilizima injini mapema ili yeyote aliyepo asinisikie. Sikupiga hodi. Nilizunguka kwa nyuma, nikasukuma mlango wa makuti.

Uani hapakuwa na mtu. Ndoo mbili tupu. Na juu ya ukingo wa kisima, mahali pa kisanduku, palikuwa na sufuria kubwa ya alumini imefunikwa kifudifudi, imegusa saruji pande zote.

Niliinua upande mmoja, kisanduku kilikuwa ndani. Fundi wa redio hahitaji kuelezwa kwamba alumini inazuia mawimbi.

Zainabo alitoka ndani, akashtuka kuniona. "Rama? Leo Jumatano."

"Dada, nani kaweka hii sufuria?"

"Mimi." Alivuta kitambaa chake kichwani. "Ni yangu."

"Tangu lini?"

"Tangu niingie eda. Wanawake waliniambia niko ukutani kule kwenye kamati, nimeinama na ndoo, wanaume wanasimama wanasoma na kunitazama. Nikajiuliza nani alinipiga picha. Pale kisimani hapakuwa na kitu ila hiki, na kina taa, nikajua ndicho kinachopiga. Wakati ule nilikuwa mke wa mtu, haidhuru. Lakini sasa niko eda, Rama. Nikionekana na kila mwanamume wa Mute nikiwa eda, namfanyia nini Latifo?"

"Ile picha ilipigwa kwa simu! Eusébio mwenyewe aliipiga, siku ile tulipokuja wote!"

"Hukuniambia."

Kweli sikumwambia. Nilikuwa nimemwambia asikiguse na basi, maana nilidhani mengine ni ya ufundi.

"Na Ijumaa je? Mbona Ijumaa unaifunua?"

Alinitazama kama ninayeuliza swali la kitoto. "Ijumaa unakuja wewe. Nikipika ya mtu mmoja, kisufuria kidogo kinatosha. Ukija wewe nahitaji hii. Sina nyingine kubwa."

Kila Ijumaa asubuhi aliichukua, akaipikia pilau. Nikala, nikaaga, akaiosha na kuirudisha juu ya kisanduku. Wiki kumi karibu. Niliketi chini kwenye saruji. Nilitaka kumkasirikia na sikuweza. Nilimwona amesimama mbele yangu na nguo zake za msiba, hajui amefanya nini, na anaona tu kwamba nimebadilika.

Kadi ingetosha. Hilo ndilo lililonichoma. Sufuria ingekaa pale wiki nzima, redio ingekuwa bubu wiki nzima, na kadi ingeandika kila robo saa, mchana na usiku. Ijumaa ya kwanza tu ingemwaga yote, na Eusébio angecheka, na kisima cha dada yangu kingekuwa na siku zake sitini na ziada. Kulibaki siku kumi. Nilihesabu kwa vidole ingawa nilikuwa najua. Hazifiki.

Nilirudi Mute. Nilimwambia Eusébio kila kitu, sufuria na kadi, nimesimama, maana bado sikuwa nimeambiwa nikae. Kisha akavuta kiti na kunisogezea.

"Nitaandika falha técnica," akasema. "Hitilafu ya mtambo. Hakuna atakayeuliza. Kisima kinatoka kwenye orodha, lakini wewe hutajwi, na dada yako hatajwi."

Mtu alikuwa ananifanyia wema, nami hata hapo, Mungu anisamehe, nilimtazama usoni kutafuta anafaidika nini.

"Na watu nitawaambia nini?"

"Hivyohivyo. Mtambo."

Mkutano wa kamati ulikuwa Jumamosi, siku ya tisini. Mwajuma alisoma orodha, kisima cha kwanza, cha pili, mpaka cha tano, kisha akasoma cha saba. Watu walingoja. Wanawake wa kaya kumi na nne walikuwa wamekaa pamoja, mbele kabisa, na niliwajua wote kwa majina.

"Cha sita hakimo," akasema Mwajuma. "Imeandikwa hitilafu ya mtambo. Rama, mtambo ulikuwa mikononi mwako. Hitilafu gani?"

Nilikuwa nimejiandaa kusema mtambo. Lakini mwanamke mmoja wa mbele akasema kwa sauti, "Pale uani kulikuwa na sufuria. Mimi niliiona. Nikateka na kwenda zangu."

Wengine wakaanza kunong'ona, nikasikia jina la Zainabo linapita kutoka mdomo hadi mdomo. Dada yangu yuko eda. Hawezi kuja mkutanoni kujitetea. Wangemaliza kumhukumu pale pale, na kila wakiteka maji ya chumvi wangemtazama yeye mlangoni pake.

"Sufuria si kitu," nikasema. Nilisimama. "Sufuria ilifunga redio tu. Kilichopoteza namba ni mimi. Nilipewa kadi za kutunza namba, saba. Sita nikaziweka, ya kisima cha sita sikuiweka. Ingekuwepo, tungekuwa kwenye orodha."

Mwajuma alivua miwani.

"Sita uliweka."

"Ndiyo."

"Visima vya wenzako uliweka. Cha kwenu, cha karibu na kambi, ukaacha."

"Ndiyo, mama. Sikuwaamini wale watu. Niliona kadi ni njia ya kuiba namba."

"Ukaziweka sita." Aliyatamka polepole, mbele ya wote. "Rama, mwanangu, nani alikutuma?"

Nilieleza. Nilieleza kuhusu mlingoti, kuhusu simu za Eusébio, kuhusu kompyuta inayofungwa nikiingia. Kadiri nilivyoeleza ndivyo nilivyojisikia mwenyewe nikitunga. Ningekuwa nimekaa kati yao na mtu mwingine amesimama pale anasema maneno yale, ningekuwa wa kwanza kuguna. Walianza kuondoka mmoja mmoja kabla sijamaliza. Eusébio alikuwa nje, ameegemea gari, na nilipotoka alinipa mkono mbele ya watu wote. Niliona macho yao yanautazama ule mkono.

Nilikwenda kwa Zainabo kwa miguu. Habari zilikuwa zimefika kabla yangu, zimeletwa na ndoo. Kisanduku kilikuwa wazi juu ya ukingo, taa inakonyeza, kinapeleka Mute namba ambazo hakuna tena anayezihitaji. Nilikaa naye barazani ndani ya ua, nikamweleza yote tangu mwanzo, kwa utulivu, bila kuruka kitu, kwa sababu yeye ni dada yangu na nilihitaji mtu mmoja tu anielewe. Nilimwambia kuhusu kopo la risasi. Nilimwambia kwamba nilifanya kwa ajili ya kisima chake.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Hakuwa na hasira. Nje ya ukuta wanawake walisikika wakija na ndoo zao, kisha wakanyamaza walipoona viatu vyangu mlangoni. Zainabo akanisogelea, akapunguza sauti ili wasisikie, akanishika mkono kama alivyokuwa akinishika nilipokuwa mdogo na nimevunja kitu.

"Niambie mimi tu, mdogo wangu," akasema. "Walikuahidi nini?"